Faragha ya Mwandishi na Umbo la Kazi Yake: Ngũgĩ wa Thiong'o kati ya Yalta na Kamiti

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi nchini Kenya wamezoea kuuliza mwandishi aliandika nini na alimwandikia nani. Swali la kwamba aliandikia wapi, na kwa muda gani pasipo kukatizwa, huachiwa waandishi wa wasifu, kana kwamba meza na saa havihusiani na fani. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la kihakiki sawa na mengine. Riwaya ndefu haiandikwi kwa kipawa peke yake. Huandikwa kwa siku zinazofuatana, na upungufu wa siku hizo huacha alama katika kazi, iwe katika urefu wake, mpangilio wa matukio au hata uteuzi wa utanzu wenyewe.

Kwa madhumuni ya makala haya, makao ya faragha ya wasanii ni nyumba ambamo mwandishi, mchoraji au mtunzi wa muziki hupewa chumba, chakula na majuma kadhaa bila kudaiwa kazi nyingine yoyote. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya istilahi moja ya jambo hili, ila dhana yenyewe si ngeni. Watu wa pwani wanaijua itikafu, ambapo Mwislamu hujifungia msikitini, hasa katika siku kumi za mwisho za Ramadhani, akaacha shughuli za dunia. Tofauti ni kwamba anayekaa itikafu hujitenga kwa ajili ya ibada, ilhali msanii hujitenga akitarajiwa kurudi na kitu mkononi.

Nyumba zenyewe

Makao mawili ya Marekani yanatajwa mara nyingi katika mjadala huu. La kwanza ni MacDowell, lililoanzishwa mwaka wa 1907 na mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian huko Peterborough, jimboni New Hampshire. Msanii hupewa kibanda chake msituni, na chakula cha mchana huachwa mlangoni ndani ya kikapu ili asiondoke kazini. Hakuna anayeruhusiwa kumtembelea mwenzake kibandani bila kualikwa. Jioni wote hukutana mezani. La pili ni Yaddo, huko Saratoga Springs, jimboni New York, shamba la familia ya Trask lililoanza kupokea wageni mwaka wa 1926.

Kikapu hicho cha chakula kinaonekana kitu kidogo, lakini ndicho kiini cha mpango mzima. Mwandishi anayeacha sentensi nusu ili akapike au akajibu hodi hairudii sentensi ileile. Huirudia akiwa mtu mwingine kidogo, na hulazimika kuanza upya kuitafuta sauti aliyokuwa nayo. Kwa shairi fupi hasara hiyo hulipika. Kwa riwaya yenye wahusika wengi na nyakati nyingi, mwandishi hupoteza uzi, akaanza kusoma upya sura alizokwisha kuziandika, na likizo yake ikaishia hapo.

Hata hivyo shairi nalo hufaidika. Sylvia Plath alikaa Yaddo na mumewe Ted Hughes katika majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka wa 1959, akiwa mja mzito. Katika majuma hayo alitunga mashairi kadhaa yaliyoingia katika diwani yake ya kwanza, The Colossus, iliyochapishwa mwaka wa 1960, likiwamo shairi lililoipa diwani jina lake. Bustani ya nyumba ile ilipenya moja kwa moja katika tungo hizo. Wahakiki wengi huuona msimu huo kuwa ndipo alipoanza kuachana na tungo za kinidhamu za ujana wake. Kwake, basi, makao hayakuwa mahali pa kumalizia kazi iliyokwisha kuiva. Yalikuwa mahali pa kubadilishia mkono.

Yalta, 1975

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kenya ni ule wa Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) na riwaya yake Petals of Blood. Ukurasa wa mwisho wa riwaya hiyo unabeba jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kulitazama: majina ya mahali patatu, Evanston, Limuru na Yalta, na muda wa kuandika, kuanzia Oktoba 1970 hadi Oktoba 1975. Katika shukrani zake mwandishi anautaja Muungano wa Waandishi wa Usovieti uliompa nafasi katika nyumba yake ya Yalta ili aimalize riwaya.

Mahali hapo patatu si sawa. Evanston, karibu na Chicago, ndipo Ngũgĩ alipofundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka wa 1970 na 1971, baada ya kujiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1969. Limuru ni nyumbani, na miaka ya Limuru ni miaka ya kazi nzito. Alikuwa mhadhiri, kisha mkuu wa Idara ya Fasihi kuanzia mwaka wa 1973, wakati wa mapambano ya kuugeuza mtaala ili fasihi ya Kiafrika, simulizi kwa andishi, iwe ndiyo mhimili wa masomo. Ni vigumu kuamini kwamba mtu wa mikutano, mitihani na mabishano ya kamati angeweza kuzishika nyuzi zote za riwaya kama hii kwa saa alizoiba usiku. Mwaka wa 1973 alitunukiwa Tuzo ya Lotus ya Chama cha Waandishi wa Afrika na Asia, chama kilichokuwa na uhusiano wa karibu na Usovieti. Miaka miwili baadaye alikuwa Yalta.

Yalta ni mji wa pwani ya Bahari Nyeusi katika rasi ya Krimea, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Jamhuri ya Kisovieti ya Ukraine. Muungano wa Waandishi ulikuwa na nyumba za namna hiyo katika sehemu mbalimbali za nchi, na Yalta ilikuwa tayari na jina katika historia ya fasihi. Anton Chekhov alijenga nyumba huko mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu ya kifua kikuu, akaandikia huko tamthilia za Three Sisters na The Cherry Orchard. Ni vyema kukumbuka kwamba Chekhov mwenyewe hakuipenda faragha hiyo. Aliulinganisha mji huo na Siberia yenye joto, akalalamikia wageni wasiokwisha na umbali wake na jumba la maonyesho la Moscow. Faragha aliyolazimishwa na daktari haikumwia kama ile ambayo mtu hujitakia.

Riwaya yenyewe inaeleza kwa nini Ngũgĩ alihitaji majuma yasiyokatizwa. Inaanza mwisho: nyumba ya Wanja imeteketezwa, Mzigo, Chui na Kimeria wamekufa, na watu wanne, Munira, Karega, Wanja na Abdulla, wanatafutwa na polisi. Kutoka hapo masimulizi yanarudi nyuma miaka 12 hadi Munira alipofika Ilmorog kuwa mwalimu, kisha yanarudi nyuma zaidi hadi vita vya Mau Mau, shule ya Siriana na kuja kwa wakoloni, huku yakiuweka upelelezi wa Inspekta Godfrey kama uzi unaoshona vipande vyote. Kila mhusika ana siri inayofungamana na siri ya mwenzake. Ili msomaji aelewe ni kwa nini Abdulla ana mguu mmoja, sharti kile kinachosemwa katika sura za mwanzo kisigongane na kile kinachofichuliwa karibu na mwisho. Mtungaji wa riwaya ya namna hii ni sawa na fundi wa mkeka: akiondoka kabla ya kufunga ukingo, milala yote hufumuka.

Kuna jambo la pili, na hili linagusa maudhui. Tarehe 2 Machi 1975, mbunge Josiah Mwangi Kariuki aliondoka katika hoteli moja ya Nairobi na watu waliohusishwa na polisi. Maiti yake ilipatikana katika vilima vya Ngong. Katika Petals of Blood yumo mwanasheria wa Nairobi anayewapokea wanakijiji wa Ilmorog walipokwenda mjini kwa miguu kumtafuta mbunge wao. Baadaye mwanasheria huyo anachaguliwa kuwa mbunge, anachukuliwa kutoka hotelini, anauawa, na maiti yake inatupwa kilimani. Wasomaji wa Kenya hawakuhitaji kuambiwa ni kisa gani kilichokumbushwa. Riwaya ilikamilishwa miezi 7 baada ya mauaji hayo. Hakuna anayeweza kudai kwa kutazama kitabu tu kwamba kurasa hizo ziliandikiwa Yalta na si Limuru, na mhakiki anapaswa kujizuia hapo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mswada ulikuwa bado wazi Machi 1975, na kwamba sura za mwisho zilitiwa mkono mahali ambapo mwandishi hakuwa na jirani wa kumchungulia. Kwa jambo kama hili, umbali nao ni zana ya kazi.

Kuna kejeli moja ya kupendeza hapa. Sehemu kubwa ya riwaya hupita katika mikono ya Munira, ambaye amefungiwa katika kituo cha polisi cha Ilmorog na kupewa karatasi ili aandike maelezo yake. Naye ametengwa, ana meza, na hana kazi nyingine. Ngũgĩ alikuwa ameiwaza faragha ya selo kabla hajaingia selo.

Kamiti, 1978

Petals of Blood ilichapishwa na Heinemann mwaka wa 1977 na kuzinduliwa Nairobi mwezi wa Julai na Mwai Kibaki, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Mwezi wa Oktoba mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulianza kuonyeshwa Kamĩrĩĩthũ na wanakijiji wenyewe, ukapigwa marufuku mwezi uliofuata. Mwishoni mwa Desemba mwandishi alikamatwa, akazuiliwa katika gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978.

Huko ndiko alikoandika Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya yake ya kwanza kwa Kigĩkũyũ, iliyochapishwa mwaka wa 1980 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Aliiandika kwa siri kwenye karatasi za choo. Katika Detained (1981) anatania kwamba karatasi za Kamiti zilikuwa ngumu, zikiuumiza mwili lakini zikiipokea kalamu vizuri. Mswada uligunduliwa katika msako, ukachukuliwa, naye akakaa majuma kadhaa asijue kama angeuona tena, kisha ukarudishwa. Kazi iliyomchukua miaka 5 kwa Kiingereza ilifuatwa na nyingine iliyoandikwa ndani ya mwaka mmoja.

Ulinganisho wa kazi hizi mbili unafundisha jambo kuhusu umbo. Petals of Blood ni riwaya ya mwandishi anayeweza kufunua kurasa za nyuma. Nyakati zimepandana, dokezo la Biblia linakaa kando ya mistari ya washairi wa Ireland na Karibea, na msomaji naye anaombwa arudi nyuma. Caitaani Mũtharaba-inĩ inakwenda mbele kama safari: Warĩinga anapanda matatu ya Mwaũra kuelekea Ilmorog, abiria wanasimuliana, kisha wanafika pangoni ambako wezi wanashindana kwa zamu kujisifu. Msimulizi ni mpiga gĩcaandĩ. Marudio, nyimbo, methali na majigambo ndiyo yanayoibeba hadithi.

Sababu kuu ya mabadiliko haya inajulikana, na mwandishi ameieleza mara nyingi: Kamĩrĩĩthũ ilimwonyesha hadhira mpya, mkulima na mfanyakazi ambao wangesomewa kitabu kwa sauti nyumbani au baani. Makala haya hayapingi maelezo hayo. Yanaongeza tu kwamba fani simulizi iliafiki pia hali ya mwandikaji. Mswada unaoweza kunyang'anywa leo unahitaji muundo ambao kumbukumbu inaweza kuujenga upya kesho. Foleni ya wezi wanaojigamba mmoja baada ya mwingine hukumbukika, ilhali nyakati 4 zilizosukwa pamoja hazikumbukiki kwa urahisi huo.

Ushahidi wa hoja hii unatoka katika Kiswahili chenyewe, na katika gereza lilelile. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya kijikaratasi Kenya: Twendapi? cha mwaka wa 1968, akatumikia kifungo kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973), yaliyotunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1974, aliyatunga humo, naye pia akitumia karatasi za choo. Yamefuata vina na mizani kwa uaminifu mkubwa, kwa Kimvita kilichokolea. Wakati huohuo ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko ulikuwa ukifukuta, na wapo waliouona utiifu huo kuwa ukale. Katika upweke wa selo arudhi ina kazi nyingine: kina cha kati na cha mwisho ni vishikizo. Mshairi aliyenyimwa karatasi anaweza kulitunga shairi la tarbia kichwani, akalihesabu mizani kwa vidole, akalihifadhi hadi atakapopata pa kuliandika. Ubeti ulioanguka neno hujitangaza wenyewe, kwa kuwa mizani imepungua. Nathari haina mlinzi wa aina hiyo. Shairi kama "Mnazi: Vuta N'kuvute", lenye watu wawili wanaobishana juu ya mnazi mmoja, lina faida zaidi: linampa mtu aliye peke yake mwenzi wa kujibizana naye.

Hapa pana hatari ya kuteleza, na wapo walioteleza. Kutokana na mifano hii hutolewa hitimisho kwamba dhiki huzaa fasihi, kwamba gereza ni makao ya wasanii yasiyolipiwa. Dai hilo ni la kikatili na pia ni la uongo. Huhesabu waliotoka na miswada na kuwasahau waliotoka wamenyamaza. Makao ya Yalta yalikuwa na mlango uliofunguka kwa ndani. Aliyeko Kamiti hakuchagua kutengwa na watoto wake, na mtu anayempimia karatasi ni yuleyule anayeweza kuichoma. Abdilatif Abdalla na Ngũgĩ waliandika licha ya gereza. Kinachofanana kati ya Yalta na Kamiti ni muda mrefu tu, na hata muda huo ulilipiwa kwa bei zisizolingana kabisa.

Anayelipa

Tukio moja la Yaddo linaonyesha kwamba hata nyumba ya msituni haiko nje ya siasa. Mwaka wa 1949 mshairi Robert Lowell aliongoza wageni wachache kudai kwamba mkurugenzi, Elizabeth Ames, aondolewe kwa madai ya kuwaunga mkono wakomunisti, kwa sababu mwandishi Agnes Smedley aliwahi kukaa humo kwa muda mrefu. Wadhamini walimwondolea Ames lawama na akabaki kazini. Nyumba ya Yalta nayo ilikuwa mali ya dola iliyokuwa na sababu zake za kuwakaribisha waandishi wa Afrika, dola ambayo mwaka mmoja kabla, Februari 1974, ilikuwa imemfukuza nchini Aleksandr Solzhenitsyn. Je, ukarimu huo ulitia mkono katika riwaya? Mwisho wa Petals of Blood, Karega akiwa rumande na mgomo mpya wa wafanyakazi ukinukia, ungeweza kutajwa kama malipo ya deni. Hoja hiyo ni dhaifu. Msimamo wa kitabaka wa Ngũgĩ ulikuwa umejitokeza tangu masomo yake Leeds katika miaka ya 1960, na insha zake za Homecoming (1972) zinauonyesha wazi kabla hajafika Bahari Nyeusi. Nyumba ilimpa nafasi ya kusema alichokuwa akikisema tayari.

Swali hilo la mlipaji linamgusa mwandishi wa Kiswahili kwa karibu. Shaaban Robert aliandika sehemu kubwa ya kazi zake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Nchini Kenya wengi wa waliomfuata ni walimu, wahadhiri na wanahabari, na riwaya zao huandikwa usiku au wakati shule zimefungwa. Inawezekana kwamba wingi wa diwani za hadithi fupi, kama vile Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba, una uhusiano na hali hiyo, kwa kuwa hadithi fupi hukamilika katika majuma mawili ya likizo. Bila shaka soko la vitabu teule lina nguvu zaidi, maana mchapishaji anajua ni kurasa ngapi mwanafunzi wa kidato cha tatu atavumilia. Lakini sababu hizi mbili zinavuta upande mmoja, na riwaya ya Kiswahili yenye upana wa Petals of Blood inabaki kazi ya mtu aliyestaafu au aliyepata ufadhili ng'ambo. Mtafiti angeweza kuanza na jambo jepesi: kukusanya tarehe na majina ya mahali ambayo baadhi ya waandishi huyaweka mwishoni mwa dibaji zao, kisha kuyasoma sambamba na urefu na muundo wa kazi.

Namna ya kulipia makao kama hayo haihitaji dola wala tajiri wa reli. Mwaka wa 1948 Patricia Highsmith, ambaye wakati huo hakuwa na riwaya hata moja iliyochapishwa, alikaa Yaddo kwa takriban miezi 2, akishughulikia mswada uliochapishwa mwaka wa 1950 kwa jina Strangers on a Train. Hakurudi tena kukaa. Alipofariki mwaka wa 1995, wasia wake uliiachia nyumba hiyo mali yake, takriban dola milioni 3.